Kusineti za moteri: tukomande pamoja

Mashini ya kusaga ikinyamaza wakati wa mavuno, mahindi yanabaki mu magunia na wamama wanarudia kutwanga. Mara nyingi kinachokufa ni kusineti: zile nusu mbili za chuma zinazoshika vilebrekeni. Mafuta ya moteri ikiwa chafu ao kidogo, zinakwanguka.

Kununua seti moja moja ku soko ni bei kali. Kiwanda kinauzisha bei ya chini, lakini kinaomba komande kubwa. Kwa hiyo tuunganishe koperative zenye moteri ya aina moja.

Mbele ya kukomande:

1. Tuandike marke, tipe na nambari ya moteri, vile viko ku plaketi yake.
2. Fundi apime vilebrekeni. Kama ilishachongwa, inaomba kusineti nene zaidi: 0.25 ao 0.50 mm. Saizi inaandikwa ku mgongo wa kusineti. STD ni ya vilebrekeni isiyochongwa bado.
3. Ku bei ya proforma tuongeze usafiri toka Mombasa ao Dar es Salaam, ushuru wa DGDA na ukaguzi wa OCC.
4. Tuombe kwanza seti moja ya kujaribu.

Saizi isiyo yake ni feza ya kutupa. Tupime kwanza, tulipe nyuma.