Babake babu yako aliitwa nani? Anza kuutafuta ukoo wako leo

Jumapili moja nenda soko la Kibuye, Kisumu. Pita penye mitumba, pita kwa mafundi wa fanicha, kisha simama kwa mama anayeuza omena. Mkishaelewana bei, atakutazama usoni akuulize, "Kwani wewe ni wa wapi?" Ukijibu "Kondele", atacheka. "Hapo ni unapolala. Nauliza nyumbani."

Wengi wetu tuliozaliwa mjini tunakwama hapo. Jina la babu tunalijua. La babake babu? Kimya. Na hili si jambo la kujivunia tu mbele ya watu. Siku ya kurithi shamba, chifu atataka kujua nani ni mtoto wa nani kabla ya kuandika barua. Siku ya kumpeleka mpenzi wako ocha, wazee wataanza kuhesabu koo, na Waluo hawaoani ndani ya ukoo mmoja. Heri ujue mapema kuliko kuambiwa mbele ya wageni kwamba huyo ni dadako.

Habari njema ni kwamba huhitaji pesa nyingi. Daftari, kalamu na simu uliyo nayo vinatosha.

Anza na wewe mwenyewe

Andika jina lako, la wazazi, la babu na nyanya wa pande zote mbili. Palipo na pengo, weka alama ya kuuliza. Usiruke hatua. Anayekimbilia babu wa kumi kabla ya kumjua wa pili huishia kujiunga na ukoo wa wenyewe.

Upande wa akina mama ndio hupotea haraka, lakini una alama zake. Nyanya akiitwa "nyar Gem", maana yake ni binti wa Gem. Tayari umejua pa kuanzia.

Majina nayo husema. Otieno alizaliwa usiku, Okoth wakati wa mvua. Ukimkuta Opiyo kwenye orodha, uliza Odongo yuko wapi, kwani hayo ni majina ya pacha. Huenda mmoja alifariki akiwa mchanga na hakutajwa tena.

Wazee kwanza, karatasi baadaye

Karatasi itakungoja, mzee hatakungoja. Kwa hivyo anza na aliye mkongwe zaidi. Usiende mikono mitupu. Sukari na majani chai si hongo, ni heshima. Omba ruhusa kabla ya kurekodi.

Usimuulize "ulizaliwa lini?" Ukiona kitambulisho chake kimeandikwa Januari 1, shuku, maana wazee wengi walikadiriwa tu. Muulize kulikuwa na nini. Alikuwa ameshaolewa wakati wa mvua kubwa za 1961, ziwa lilipofurika? Tom Mboya alipouawa Julai 1969, alikuwa na watoto wangapi? Ukiwa na matukio mawili matatu ya aina hiyo, mwaka utajitokeza wenyewe.

Wazee wawili wakikupa hadithi mbili tofauti, usichague ile tamu. Andika zote, na jina la aliyesimulia kila moja.

Fungua masanduku

Barack Obama alipofika Kogelo, Siaya, miaka ya 1980, aliketi na Mama Sarah akasikiliza historia ya ukoo. Lakini anasimulia pia katika Dreams from My Father, kitabu kilichotoka 1995, kuhusu karatasi zilizohifadhiwa nyumbani: kijitabu cha enzi ya ukoloni ambamo waajiri waliandika maoni yao kuhusu babu yake, aliyekuwa mpishi, na barua za babake za kuomba nafasi katika vyuo vya Marekani.

Kwenu pia huenda kuna kitu: kipande, kadi ya NSSF, barua za kazi ya reli, picha yenye maandishi nyuma. Usidharau programu za mazishi. Kurasa zile hutaja wake, watoto na wajukuu kwa mpangilio. Makaburi ya boma nayo yana tarehe. Piga picha kila kitu, kisha uhifadhi nakala mahali pawili.

Ukitoka hapo, nenda kanisani. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki huwa na majina ya wazazi na wasimamizi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa liko papo hapo Kibuye, lakini ulizia parokia ambako babu alibatizwa, si unakoishi wewe. Mwisho kabisa kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, yenye ripoti za wakuu wa wilaya wa kikoloni. Usitarajie kumkuta babu kwa jina. Utakuta njaa, kodi na machifu wa zama zake, na ndipo utaelewa kwa nini alihama.

Na ukikuta siri?

Utaikuta. Mtoto wa nje, ndugu waliokosana kwa ajili ya shamba, ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Usikimbie nayo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ikiwa mhusika yu hai, uamuzi ni wake. Wewe andika, funga daftari, subiri.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukoo pia ni mali. Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujaitwa ocha kwa sababu ya mazishi, mpigie nyanyako simu. Mwambie unakuja kunywa chai. Akikuuliza kuna nini, mwambie ukweli: "Nataka unihesabie watu wetu."

Huenda amekuwa akingoja miaka mingi mtu amuulize.