Upangaji wa Huduma Ndogo Katika Kompyuta za Pembezoni

Zamani programu kubwa ya kompyuta iliandikwa kama jengo moja. Siku hizi nyingi hugawanywa katika huduma ndogo, kila moja na kazi yake: moja hupokea picha, ya pili huitambua, ya tatu huweka kumbukumbu. Huduma hizo husemezana kwa mtandao, kwa hiyo si lazima zikae katika mashine moja. Ndipo huzuka swali: kila huduma iwekwe wapi?

Katika kituo kikuu chenye maelfu ya mashine zilizo karibu karibu, swali hilo halina uzito mwingi. Ama pembezoni, yaani katika mashine ndogo zilizowekwa kiwandani, hospitalini au chini ya mnara wa simu, mambo ni mengine. Mashine ni chache, nguvu zake hazilingani, na njia ya mawasiliano huweza kukatika. Faida yake ni ukaribu. Nuru hupita katika nyuzi za kioo kilomita 200 hivi kwa kila sehemu ya elfu ya sekunde. Ujumbe uendao kilomita 5,000 na kurudi hutumia sehemu 50 kama hizo njiani tu. Faida hiyo hupotea endapo huduma mbili zisemezanazo daima zitatenganishwa, moja pembezoni na nyingine kituoni.

Kujaribu kila mpango ni muhali. Huduma 10 kwa mashine 5 zina mipango 9,765,625. Zikiwa 20, mipango hupita trilioni 95. Kwa hiyo hutumika kanuni za mkato. Kubernetes, mfumo uliotolewa na Google mwaka 2014, kwanza huondoa mashine zisizofaa, kisha huzipa alama zilizosalia na kuchagua iliyozidi. Jina lake ni la Kiyunani, maana yake mshika usukani. Walakini, usipoelekezwa vingine, mfumo huo hupima nafasi iliyomo katika mashine, wala haupimi muda wa ujumbe kusafiri baina yao. Tena mashine ikinyamaza dakika 5 na ushei, kazi zake huamriwa zianzishwe kwingine, ijapokuwa yamkini mashine ni nzima na kilichokatika ni njia. Ndiyo sababu KubeEdge, uliotokea mwaka 2018, huhifadhi maagizo pembezoni kwenyewe ili kazi iendelee.

Yafaa maneno nayo yaangaliwe. Ratiba hujibu swali la lini, na hapa swali ni la wapi. Atumiaye neno hilo humpoteza msomaji. Kupanga kwafaa zaidi, kwa kuwa ni kuweka vitu kwa taratibu, na pia ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Huduma ni mpangaji hasa: hukaa katika mashine na kutumia sehemu ya nguvu zake. Lakini kile kiichaguliacho makao nacho kikiitwa mpangaji, maana mbili zitagongana katika sentensi moja. Ni heri basi kiitwe kipangaji, katika ngeli ya vyombo, na mpangaji ibaki kuwa huduma.