Uraibu wa michezo ya mkakati

Uraibu wa michezo ya mkakati ni hali ya mtu kushindwa kujizuia kucheza michezo ya kompyuta inayodai kupanga na kukadiria, kama vile kujenga miji, kugawa mali na kuongoza majeshi, hata pale uchezaji huo unapomharibia masomo, kazi, afya au ndoa. Madaktari huuhesabu pamoja na uraibu wa michezo mingine ya kompyuta. Hata hivyo michezo hii ina namna yake ya kumshika mtu, na kwa kuwa inadai akili, wazazi na walimu hupata shida kutambua ustadi unaishia wapi na uraibu unaanzia wapi.

Jinsi mchezo unavyomshika mchezaji

Bao la kete lina mwisho unaoonekana: mmoja hushinda, mwingine huinuka, na anayesubiri hukaa. Michezo mingi ya mkakati ya kompyuta huchukua saa nyingi kufika mwisho, na njiani hakuna kituo. Mfano unaojulikana sana ni *Civilization*, uliobuniwa na Sid Meier pamoja na Bruce Shelley na kutolewa na kampuni ya MicroProse ya Marekani mwaka 1991. Mchezaji huanza mwaka 4000 KK na walowezi wake, huanzisha mji, kisha husonga mbele kwa zamu hadi enzi ya safari za anga za juu. Kila zamu huacha jambo nusu: ghala litakamilika baada ya zamu mbili, ugunduzi mpya baada ya tatu, jeshi litafika mpakani baada ya nne. Likiisha moja, mengine mawili yameshaanza. Ndiyo maana wachezaji wake wana msemo wa "zamu moja tu", unaosemwa saa nne usiku na kurudiwa saa tisa.

*StarCraft*, uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 1998, hushika kwa njia nyingine. Hauna zamu, pande zote hucheza kwa wakati mmoja, na anayefikiri polepole hushindwa. Mechi yenyewe yaweza kuisha upesi, lakini aliyeshindwa hutaka kulipiza, na kwa intaneti mpinzani hapatikani kwa shida, saa yoyote.

Korea Kusini

Hakuna nchi iliyouona mchezo wa mkakati kwa sura zake zote mbili kama Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 intaneti ya kasi ilienea huko pamoja na maelfu ya kumbi za kompyuta zinazoitwa "PC bang", ambako mtu hulipa kwa saa. *StarCraft* ukawa karibu mchezo wa taifa: mechi zilionyeshwa kwenye televisheni, na vijana hodari walilipwa mishahara.

Mwezi Agosti 2005, katika mji wa Daegu, mwanamume wa miaka 28 alifariki baada ya kucheza *StarCraft* kwa takriban saa 50, akipumzika kidogo tu. Mchezo ulikuwa umeshamtoa kazini kabla ya hapo.

Mwaka 2011 serikali ilileta sheria ya kuwazuia watoto chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sheria hiyo ililenga kompyuta, na watoto wakahamia kwenye simu. Ilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2022.

Vigezo vya kitabibu

Siku hiyohiyo ya 1 Januari 2022 ulianza kutumika mwainisho wa 11 wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao unautaja uraibu wa michezo ya kidijitali kuwa maradhi. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kuutawala uchezaji wake, huutanguliza mbele ya mambo mengine ya maisha, na huendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi, na iwe imevuruga kweli maisha ya mhusika. Idadi ya saa haitajwi popote. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walikuwa waangalifu zaidi: katika mwongozo wao wa mwaka 2013 waliuweka uraibu huu kwenye orodha ya hali zinazohitaji utafiti zaidi.

Mraibu, fundi au mdukuzi?

Mwaka 1976 Joseph Weizenbaum, profesa wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha kitabu *Computer Power and Human Reason*. Humo aliwaeleza vijana waliokesha mbele ya kompyuta wakiandika programu, nguo zimekunjamana, akawafananisha na wacheza kamari. Chuoni hapo vijana wa aina hiyo walijiita "hacker", na kwao lilikuwa neno la sifa. Mmoja wao, Richard Greenblatt, alizama katika kompyuta hadi akafeli masomo. Baadaye aliajiriwa na maabara ya akili bandia ya chuo hichohicho. Programu yake ya sataranji, Mac Hack, iliingia katika mashindano ya binadamu mwaka 1967. Ukimpima siku aliyofeli, ni mgonjwa. Ukimpima miaka michache baadaye, ni bingwa.

Maana ya neno hilo iligeuka machoni pa umma miaka ya 1980. Filamu *WarGames* ya mwaka 1983 ilionyesha kijana aliyetafuta michezo mipya akaingia bila kujua katika kompyuta ya jeshi, akaanzisha mchezo wa vita vya nyuklia. Tangu hapo "hacker" akawa mvamizi.

Kiswahili kilipokea maana hii ya pili. *Mdukuzi* ni anayeingia kwa siri katika mifumo ya wengine. Neno lenyewe ni jirani wa *mdukizi*, yaani anayetega sikio kusikia maongezi yasiyomhusu. Mwanafunzi aliyeiba nywila ya mwalimu na mwenzake aliyekesha akitunga mchezo wake mwenyewe wakiitwa wote wadukuzi, wa pili ameonewa. Mcheza bao hodari huitwa *fundi*, na jina hilo lingemfaa pia mtunzi wa programu, ila mitaani "fundi wa kompyuta" ni yule anayetengeneza mashine iliyoharibika. Kwa hiyo maandishi rasmi hutumia "mtaalamu wa TEHAMA" au "mhandisi wa programu", majina yanayotaja cheo kuliko ustadi.