Je, Elimu Mpya Yatutenga na Wazee?

Sisi tulio walimu twasikia mara nyingi wazazi wakinung'unika: mtoto amejua hesabu na Kifaransa, lakini maneno ya babu ayaona kuwa mambo ya kale. Vijana nao hutuuliza kama wazee walikuwa na falsafa kweli.

Mwaka 1945, huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kilitolewa kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, juu ya falsafa ya Wabantu. Alikuwa amekaa miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga. Alisema kwamba kwao kuwako ni kuwa na nguvu ya uzima, nayo huongezeka au hupungua kwa jinsi watu wanavyotendeana. Wazungu waliodhani Mwafrika hana fikira za namna hiyo walishtuka. Lakini Tempels aliandika pia kwamba Wabantu wenyewe hawawezi kuieleza falsafa yao. Mzungu ndiye atakayewaeleza. Hapo hatukubali.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda alijibu kwa kazi mwaka 1956. Alichunguza Kinyarwanda chake: umuntu ni mwenye akili, ikintu ni kisicho na akili, ahantu ni mahali na wakati, ukuntu ni namna. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Mtu na kitu ni wa shina lile lile. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin alizidi kuwa mkali: falsafa si urithi uliolala kimya ndani ya kabila zima, bali ni kazi ya mtu atoaye sababu zake na kukubali kupingwa.

Tempels mwenyewe alibadilika. Katika miaka ya 1950, penye migodi ya shaba ya Kolwezi, alikaa pamoja na waume na wake wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Ndiyo Jamaa. (Mabishano yaliyofuata tuyaache leo.) Walikuwa watu wa mshahara na wa mashine, wala hawakungoja kurudi kijijini ndipo wawaze. Walisema wenyewe.

Hivi karibuni tuliwatuma wanafunzi wetu wawaulize wazee: utu ni nini? Mmoja alirudi amenuna. Babu hakumjibu, alitaka kwanza kusikia kijana mwenyewe awaza nini, na kwa sababu gani.