Kiwanda Kilikufa, Shule Ikabaki

Katika nchi ya Nyuzilandi, upande wa kusini kabisa, iko pwani yenye mvua nyingi na upepo mkali. Jina lake ni Port Craig. Hakuna barabara ya gari ifikayo huko. Mtu huenda kwa miguu, akipita pwani na msituni. Leo kuna ukimya. Lakini zamani palinguruma kiwanda cha kupasua mbao kilichokuwa kikubwa kupita vyote vya nchi ile.

Kazi ilianza mwaka 1916. Kampuni iliyoitwa Marlborough Timber Company iliuona msitu wa miti mirefu iitwayo rimu, ikatumaini faida kubwa. Mwaka uliofuata, John Craig, mmoja wa wakubwa wa kampuni, akafa maji katika bahari ile ile. Mahali pale pakapewa jina lake.

Mashine kubwa ya mvuke, iitwayo Lidgerwood, ililetwa ili kuvuta magogo kwa kamba za chuma zilizofungwa juu ya miti. Reli ilijengwa kupenya msitu, na juu ya mabonde yakawekwa madaraja manne ya mbao. Lililo kubwa, la Percy Burn, lina urefu wa meta 125, na kimo chake ni meta 36. Jambo la kushangaza ni hili: mbao za kulijengea zilitoka Australia, ingawa msitu ulikuwa umewazunguka wajenzi pande zote. Miti ya Australia ni migumu zaidi, nayo ilifaa kubeba mizigo mizito.

Watu zaidi ya 200 wakakaa pale, wengine pamoja na wake zao na watoto. Palikuwa na nyumba, na tanuri za kuokea mikate, na gati ya kupakilia mbao melini, maana njia ya kusafirisha mizigo ilikuwa bahari tu. Palikuwa pia na shule ndogo ya mbao, watoto wasikose masomo kwa sababu ya kukaa mbali.

Lakini hesabu ya wenye mali haikuwa sawa. Mashine zile zilikula fedha nyingi, na msitu haukutoa mbao nyingi kama walivyotazamia. Tena bahari ile ni kali, na bei ya mbao ikashuka. Mwaka 1928 kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakafunga mizigo, wakaenda kutafuta riziki kwingine. Mashine zikaondolewa baadaye, nyumba zikaoza, na miti ikaota tena mahali pa njia za watu.

Je, nini kimebaki? Vimebaki vyuma vilivyoshikwa na kutu, matofali ya tanuri, nguzo za gati zinazopigwa na mawimbi, na madaraja yale manne. Watu wenye moyo waliyatengeneza yasianguke, na siku hizi wasafiri huvuka juu yake. Njia ya Hump Ridge, inayopita hapo, iliwekwa mwaka 2024 miongoni mwa njia kuu za matembezi za nchi hiyo.

Katika majengo yote ya kijiji kile, ni moja tu linalosimama: shule. Pale watoto walipojifunza kusoma, sasa wasafiri 20 huweza kulala na kujikinga na mvua.

Basi tufikiri kidogo. Wenye mali walileta mashine kubwa kabla ya kuujua vema msitu wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wao walitaka kujaza pishi kwa siku moja. Nguvu zao zote zimekuwa kutu. Nyumba ile ndogo, iliyojengwa kwa ajili ya watoto, ndiyo bado inawafaa watu.