Stima Ikipotea: Piga Hesabu Kabla ya Kununua Jenereta

Stima ikipotea, maziwa kwenye friji ya duka yanaharibika na hasara ni yako. Kabla hujalipia jenereta, tupige hesabu pamoja. Soma wati kwenye kila kifaa. Tuseme friji ni 150, balbu nne za 10 ni 40, chaja 10: jumla 200. Lakini friji ikianza kuwaka inaweza kuvuta hata mara nne, yaani 600. Ongeza zile 50, unapata 650. Jenereta ya wati 1,000 inakutosha.

Usiiwashe ndani, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Iweke nje, angalau mita 6 kutoka mlangoni na dirishani. Kabla ya kuongeza petroli, izime ipoe kwanza.

Na ukilipa kwa simu, tunakukumbusha: soma jina la muuzaji kabla ya kuweka PIN.