Unaunda kompyuta Voi? Anza na stima, si kadi

Wengi wanaotaka mashine ya kudizaini posta mchana na kucheza gemu usiku huanza na swali moja: kadi gani ya grafiki? Ukiwa Voi, swali hilo lingoje kwanza.

Hapa joto ni la Tsavo, vumbi ni jekundu na stima hupotea bila hodi. Kwa hivyo pesa ya kwanza iende kwa pawa saplai ya kampuni inayojulikana. Ile ya bei ya kutupa ikiungua, inaweza kuondoka na madabodi pamoja na kadi. Ongeza UPS ikupe dakika chache za kusevu kazi ya mteja na kuzima. Kesi nayo iwe na feni mbili hivi, na vichujio vya vumbi unavyoweza kuchomoa ukaosha.

Sasa njoo kwa kazi yenyewe. Photoshop hutegemea sana prosesa na RAM. 16GB ni mwanzo mzuri. Gemu ndizo hudai kadi.

Mfuko ukibana, kuna desktopu za ex-UK. Lakini chunga: Dell na HP nyingi za hivyo zina pawa saplai za kipekee, si rahisi kubadilisha. Tafuta GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, inayokula wati 75 tu, na upime kama itaingia kwenye kesi.

Ukiagiza Luthuli Avenue, Nairobi, kurudisha kitu kibovu ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Uliza waranti kabla hujatuma M-Pesa.